Hawa makocha wa mafanikio wa mitandaoni, kabla hujarusha pesa hebu tuulizane kwanza

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo, wa Unguja na wa Pemba, na nyie wa bara mnaotupitia humu karibuni.

Nimeona niuanzishe uzi huu maana siku hizi kila nikifungua simu nakutana na kijana kavaa suti saa nane ya mchana jua linachoma, nyuma yake bahari ya Nungwi, ananambia mie ni maskini kwa sababu ya akili yangu. Hanijui, hajui nimelelewa na nani, mfuko wa mchele Darajani unauzwaje hajui, lakini maradhi yangu kashayajua na dawa anayo, elfu hamsini tu, rusha kwa namba hiyo hapo chini afu utatumiwa linki ya grupu la VIP.

Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki, kila mtu na njia yake. Nnachouliza ni kitu kimoja: huyu bwana kabla hajaanza kufundisha utajiri alikuwa anauza nini, na nani alikuwa ananunua? Nimewauliza kadhaa kwenye komenti kwa adabu kabisa, wawili wameniblok na mmoja kanambia nna roho ya umaskini.

Tuanze na hili la wanafunzi. Mmoja anasema ameshawatoa kimaisha vijana mia tano wa Zanzibar. Yakhe, sisi sote tunajuana hapa. Sensa ya 2022 tulihesabiwa watu 1,889,773 visiwa vyote. Mtu akijenga ghorofa Fuoni, watu wanajua kiwanja kauziwa na nani, tofali kapigiwa wapi na fundi kamaliziwa pesa yake au bado anadai. Mtu akinunua friji tu mtaa wa pili wanapata habari kabla haijachomekwa umeme. Sasa matajiri wapya mia tano wapo wapi? Wamehamia Muscat wote usiku mmoja? Niletee hata kumi nikawaone dukani kwao, nami ntanunua kitu.

Mie kazi yangu ni kukodisha gari kwa wageni, kwahiyo kuna mengine nayaona kwa macho yangu. Kuna mmoja alikuja kukodi Prado siku moja, kaja na vijana wawili wa kamera na begi kubwa la nguo. Mteja mzuri wallahi, kalipa kamili, jioni karudisha na mafuta kajaza. Zile wiki zilizofuata ndo nikaanza kuiona Prado ile kwenye video zake. Leo kavaa shati la bluu, "Jumatatu ya wapambanaji". Siku tatu baadaye shati jeupe, "Alhamisi ya shukrani". Ijumaa kanzu na kofia. Na mlango wa nyuma kushoto ule mkwaruzo uliopatikana kwenye nguzo ya geti huko Makunduchi upo pale pale, na tairi la mbele lina tope la mfinyanzi lile lile, mwezi mzima tope halikauki wala halidondoki. Na angalieni ufundi wake, hakuna video hata moja aliyosema "gari yangu". Alikuwa anasema "niliamini, nikaona". Kazi ya kusema gari ni yake wamefanya wenye kukomenti, mashaallah kaka, hongera kaka, Mungu akuzidishie, nionyeshe njia kaka.

Na si wa kwetu tu. Mwaka 2020 watu walishangaa walipojua Los Angeles kuna studio imetengenezwa ndani kama ndege binafsi, viti vya ngozi na vidirisha, unaikodi kwa saa unapiga picha unakwenda zako na basi. Mwaka huo huo Hushpuppi wa Nigeria, aliyekuwa anaturingishia Rolls-Royce na Gucci pale Dubai na mafolowaz zaidi ya milioni 2, akakamatwa, na Novemba 2022 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 11 na kitu kwa utapeli wa mtandaoni na kusafisha pesa chafu. Kabla ya hapo ungemwambia mtu yule hana biashara inayoeleweka ungeambiwa una wivu.

Haya, semina. Tuseme ukumbi umeingia watu 120, kila kichwa 30,000. Hiyo ni 3,600,000. Toa ukumbi, toa spika, toa maji ya chupa na sambusa mbili mbili, toa yule dada wa mapokezi. Kilichobaki kwa kazi ya saa tatu ni kizuri sana, kwahiyo ni kweli kabisa pale ukumbini anatoka mtu na pesa, ila anatoka mmoja. Na wale 120 waliolipa wanaambiwa semina ilikuwa ya kufungua macho tu, siri zenyewe zipo kwenye kozi ya laki tatu. Wamarekani hili wanalijua zamani, Trump University ilikuwa mtindo huo huo wa semina ya bei nafuu kukupeleka kwenye kozi ya bei kubwa, kesi zikaishia kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 25 mwaka 2016.

Foreksi sasa, yaani kubashiri bei za pesa za kigeni kwenye simu, hapa mnivumilie kidogo maana ndo vijana wetu wanapoumia zaidi.

Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 ilisema akaunti za watu wa kawaida wanaocheza zile CFD, yaani kubashiri bei bila kumiliki kitu chenyewe, baina ya asilimia 74 na 89 zinapoteza pesa. Tangu hapo mabroka, yaani kampuni zinazokufungulia akaunti ya kuchezea, wanaofanya biashara Ulaya wamelazimishwa kuiandika asilimia yao ya khasara kwenye tovuti na matangazo. Ingia leo tovuti ya broka yeyote wa Ulaya utaiona imeandikwa, haijafichwa. Kwahiyo broka mwenyewe anakwambia wengi wenu mtapoteza, anayekwambia utashinda ni mwalimu wako wa Telegram.

Kwanini? Kwa sababu ile linki aliyokupa ya kufungulia akaunti ina namba yake ndani. Wewe ukijisajili na kuweka dola mia, yeye anapata chake. Mikataba mingine analipwa kwa kila mtu anayeweka pesa, mingine kwa kila biashara unayofungua, upate usipate, ndo maana anakutumia signo, yaani ishara za nunua hapa uza hapa, kumi kwa siku hata soko limelala. Na ipo mikataba anagawana na broka mapato yanayotokana na wewe, na kwa broka ambaye anasimama upande wa pili wa biashara yako, mapato hayo ni pesa uliyopoteza wewe. Nyie mnawajua mapapasi wetu wa bandarini, wanaopeleka wageni madukani, papasi hangojei kuona mgeni kafurahi, mgeni akishaingia tu dukani fungu lake limeshahesabiwa. Tofauti ni kwamba papasi hakwambii kuwa yeye ndo menta wako.

Na ile picha ya salio la dola elfu nane anayokurushia stetasi, akaunti ya demo, ya mazoezi isiyo na pesa za kweli, inafunguliwa kwa dakika tano na unajiwekea salio unalotaka mwenyewe.

Biashara za mtandao za kuingiza watu chini yako sizisemi sana, zimeshasemwa. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipitia taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni zenyewe 70, ikakuta kwa nyingi wengi wa washiriki wanapata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hapo mara nyingi hawajatoa gharama zao. Dola elfu kwa mwaka, mwenye kuuza urojo akipata hiyo atafunga meza.

Kinachoniudhi zaidi kuliko pesa ni maneno. "Amka saa kumi alfajiri kama mabilionea." Jamani, Zanzibar hii? Muokaji wa boflo saa kumi kashatoa tanuri la kwanza. Wavuvi wa Tumbe saa hiyo wapo baharini tangu usiku. Bi mkubwa wangu kaamka saa kumi maisha yake yote, kasali, kapika maandazi, na ubilionea haujapita hata mlangoni kuuliza njia.

Afu wanamtumia sana Bakhresa. "Aliacha skuli na miaka 14 akauza mseto wa viazi." Kweli, kazaliwa hapa hapa Unguja na habari hiyo inajulikana. Ila wanaruka kutoka viazi hadi Azam kama vile ni kituo kimoja cha daladala, hapo katikati kuna mgahawa, kuna mikate, kuna kinu cha unga, kuna miongo ya miaka ya kununua na kuuza. Na yeye anauza unga na maji na juisi. Mie sijawahi kuona kozi yake.

Wale wanaochanganya na dini ndo wananimaliza. Wanamsimulia Sayyidna Abdulrahman bin Auf, kaja Madina hana kitu, ndugu yake wa kiansari kamwambia tugawane mali yangu nusu kwa nusu, akasema Mungu akubariki katika ahli yako na mali yako, nionyesheni soko lipo wapi. Hadithi sahihi na nzuri. Kaenda soko la Banu Qaynuqa, akarudi na faida ya jibini kavu na samli. Aliuliza soko, yakhe. Nawe ukimuuliza huyu wa Instagram soko lipo wapi anakutumia namba ya malipo.

Haya karibuni, wenye kupinga mpinge, ila mje na hoja.

---

mtafutaji_jr:
Uzi wa wivu huu. Mbona skuli mnalipa ada miaka kumi na mbili na walimu wenyewe wanakuja na baskeli? Mtu akilipisha elimu yake ya biashara ndo tapeli? Mie nimesoma kozi ya foreksi na nimejifunza mengi sana, kuchora chati, nidhamu, kutunza mtaji. Watu wa visiwani tatizo letu mwenzetu akipanda kidogo tunamvuta miguu.

Mleta uzi:
@mtafutaji_jr karibu kaka, sijakasirika. Mwalimu wa skuli akija na baskeli hakukwambia hesabu zimempa Prado, kwahiyo hajadanganya. Na sikatai kulipia elimu, kuna fundi simu Darajani anachukua vijana, wanamlipa, wakitoka pale wanafungua simu mbele yako unaona. Kuna dada anafundisha keki kwa WhatsApp, keki zenyewe tunakula maharusini. Wewe sijakuuliza umejifunza mangapi. Nauliza tangu uanze umeweka kiasi gani kwa broka na umetoa kiasi gani kikafika kwenye simu yako. Usinijibu mie, jijibu mwenyewe.

mtafutaji_jr:
Biashara yoyote ina kupata na kukosa.

Mleta uzi:
Sawa.

Kombo wa Micheweni:
Huku Pemba wana msimu wao, wanauchunga vizuri kuliko sisi wenye shamba. Karafuu zikianza kupelekwa vituo vya ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na watu wanashika pesa, utaona matangazo, semina Chake, semina Wete, "badilisha pesa yako ya msimu iwe ya maisha". Msimu ukiwa mbovu hatuwaoni, bahari inakuwa imechafuka hawawezi kuvuka 😂. Mzee wetu mmoja alikwenda, akauliza hiyo pesa nikikupa inaanza kuzaa lini, akajibiwa siku thelathini. Akasema mkarafuu wangu mie umekaa miaka saba ndo nikaona chozi la kwanza, nao unanyeshewa mvua ya Mungu, huu wako unanyeshewa na nini? Ukumbi ulicheka, lakini wapo waliotoa.

Na tusijifanye tumesahau, mwaka 2021 ile kampuni ya kuzidisha pesa iliyosimamishwa na Serikali ilikuwa na watu wa Unguja na Pemba, watu wazima wenye mishahara. Bara nao upatu wa DECI 2009, panda mbegu uvune. Huyo tapeli Charles Ponzi mwenyewe wanayemtaja kila siku ilikuwa 1920 kule Boston, aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45. Miaka mia na ushei, ahadi ni ile ile, wamepunguza siku tu.

bintibwejuu:
Mimi mama yangu analima mwani. Walikuja hawa watu kijijini, semina ya bure ya kina mama, mada ni kufikiri kikubwa. Kijana kasimama saa nzima anawaambia nyinyi hamuendelei kwa sababu mmeridhika. Watu wametoka majini tangu asubuhi, bamvua hilo, maana mwani hungojei utakapojisikia, unakwenda maji yakitoka, mikono imechubuka na kamba, anawaambia mmeridhika. Mimi nikanyanyua mkono nikamuuliza kilo ya mwani mkavu hapa inanunuliwa shilingi ngapi. Hajui. Nikamuuliza ule mwani wa bei nzuri, kotonii, kwanini kina mama wengi wameuacha wanalima spinosumu wa bei ya chini. Hajui. Hajui kwamba maji yakipata joto kotonii inaoza kwenye kamba. Sasa mtu hajui bei, hajui ugonjwa wa zao, hajui mnunuzi ni nani na bei anapanga yeye, kajuaje kwamba tatizo ni fikra za mama yangu?

Waliobadilisha maisha kidogo hapa ni wale waliojifunza kusaga na kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani wakauzia wageni, na aliyewafundisha alikuja na ndoo, mizani na mwani wenyewe.

Mleta uzi:
@bintibwejuu hii komenti ilitakiwa iwe ndo uzi, mie ningekaa pembeni. Hongera kwa kunyanyua mkono.

mpemba_wa_jangombe:
Maneno mazuri ila mie nna mdogo wangu yupo ndani ya chaneli ya signo ya Telegram, hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Kila nikimwambia ananionyesha chaneli, signo zote kijani, wiki nzima mwalimu hajakosa hata moja. Sasa mie nibishane na kitu nnachokiona?

Mleta uzi:
@mpemba_wa_jangombe usibishane naye, kaa naye tu kama nusu saa mkiwa na simu. Chaneli ya Telegram kila ujumbe una namba yake kwa mfuatano, na ukifutwa namba yake haipewi ujumbe mwingine. Mwambie abonyeze ujumbe mmoja, anakili linki yake, aibandike mahali, mwishoni mwa linki ataona namba. Afanye hivyo kwa ujumbe unaofuata, na unaofuata. Kama mwalimu hafuti kitu, namba zitafuatana. Akikuta zinaruka, amuulize mwalimu kwenye laivu, hizo za katikati zilikuwa signo gani. Usimwambie wewe, muache ahesabu mwenyewe.

Na jengine, awe anaandika kwenye daftari kila signo inapoingia, saa na bei, kabla soko halijaenda popote. Mwisho wa wiki alinganishe daftari na chaneli.

mpemba_wa_jangombe:
Tumefanya sasa hivi. Ijumaa mchana ipo 412, inayofuata ni 431. Katikati hamna kitu. Kanyamaza, anasema labda ni mtandao.

Mleta uzi:
Si mtandao. Ila msimdhulumu mtu, picha zikirushwa nyingi kwa pamoja kila moja inakula namba yake, na akibandika ujumbe juu ya chaneli hiyo nayo inahesabiwa, kwahiyo kama 412 ilikuwa na picha tano toeni namba nne za ziada. Zitakazobaki ndo akamuulize, na amuulize mbele za watu, na apige picha skrini kabla hajauliza, maana akishauliza atatolewa.